Kilo Thelathini na Nane za Heshima

Kitu cha kwanza alichokigundua katika kazi ile ni kwamba binadamu akipanda mizani huzuia pumzi. Mnene kwa mwembamba, tajiri kwa mlinzi wa geti, wote hubana tumbo, hukaza shingo na kutazama dari, kana kwamba uzito ni kikohozi, ukikibana hakitoki. Halafu mshale husimama palepale ulipotaka kusimama tangu mwanzo.

Hakumwambia mtu. Alikuwa msichana wa maneno machache, na machache hayo aliyatumia kwa uangalifu kama sukari ya mwisho wa mwezi. Walimwita Mizani, naye akaitikia, maana kukataa jina kungehitaji maneno zaidi. Kazi yake ilikuwa kuwapima abiria wa helikopta kabla hawajapaa, kuandika kilo zao kwenye karatasi, na kumpa rubani. Mizani yenyewe ilikuwa ya kupimia magunia, chuma kitupu, ina uso wa mviringo kama saa ya ukutani. Uso huo ulimtazama mpimaji. Aliyepimwa aliona mgongo wake tu.

Kazi alitafutiwa na mjomba wake, fundi wa helikopta, ndugu wa mama yake, aliyemlea baada ya mama kufariki. Siku ya kwanza Mjomba alimkalisha juu ya dumu tupu akamwambia jambo moja.

"Uzito wa mtu ni siri ya mtu. Dobi hatangazi madoa. Umenielewa, mpwa wangu?"

Alielewa. Mtu asiyependa kusema akiambiwa anyamaze, hiyo si kazi, hiyo ni likizo.

Shida ilikuwa Bosi.

Bosi, mwenye kampuni, alikuwa na kilo themanini. Hizi hazikuwa kilo za mizani, zilikuwa kilo za kikao. Zamani, alipokwenda kumwomba binti wa watu, mama wa binti alimtazama toka juu mpaka chini, akauliza, "Kijana, una kilo ngapi wewe?" Naye kwa kiherehere akajibu themanini. Neno likishatoka mbele ya mama mkwe halirudi mdomoni. Mama mkwe huyohuyo ndiye baadaye aliyetoa sehemu kubwa ya mtaji wa kampuni, na katika kikao cha kwanza kabisa Katibu aliandika: Bosi ana kilo themanini. Imepitishwa. Na kitu kilichopitishwa na kikao hakitenguliwi na chakula cha mchana.

Siku Mizani alipompima kwa mara ya kwanza, mshale ulisimama kwenye tisini na tisa. Bosi alikuwa anatazama dari.

"Themanini, eti?"

Msichana akamtazama Mjomba. Mjomba akatazama spana yake. Msichana akatikisa kichwa kukubali, akaandika themanini.

Mchana ule Mjomba akamfundisha njia. Mafuta ya helikopta ni mzigo kama mzigo mwingine. Abiria akizidi uzito, unapunguza mafuta, na ndege haioni tofauti. "Ukishampima Bosi," Mjomba akasema, "njoo uiguse helikopta kama unaisalimia. Kila kilo kumi za ziada, gonga mara moja. Mimi nitasikia, nitafungua bomba, nitatoa."

Jambo hilo waliliita kutoa heshima. Lilijulikana na watu watatu tu: Mizani, Mjomba na Rubani. Asubuhi ya safari Rubani aliuliza, "Heshima imetoka?" na Mjomba akajibu, "Imetoka, mara mbili." Mwaka wa pili ikawa mara tatu. Mwaka wa nne mara nne. Heshima ya Bosi ilikuwa inakua, na helikopta ilipaa na mafuta pungufu, inakwenda na kurudi huku Rubani akiitazama geji kama mgonjwa anavyotazama mlango wa daktari.

Mara moja tu mambo yaliharibika. Helikopta ikiwa njiani kurudi, mafuta yakaisha, wakatua katikati ya uwanja wa shule, mpira ukiendelea. Rubani, mtu wa akili za haraka, alifungua mlango akatangaza kwamba mgeni rasmi amewasili. Walimu, waliokuwa hawajamwalika mgeni yeyote, waliona aibu kuuliza. Bosi akapewa kiti cha mbele na soda, akatoa hotuba kuhusu nidhamu, akakabidhi kombe. Wakati anapunga mkono, Mjomba alikuwa anakuja kwa pikipiki, dumu la mafuta mapajani.

Tangu siku ile Rubani na Mjomba walibishana. Rubani alisema Mjomba alitoa mafuta kupita kiasi. Mjomba alisema Rubani alizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. "Mzee wa Malita!" Rubani alimtania kila wakinywa chai. "Leo umetuachia hata kijiko?" Mjomba alicheka, lakini kicheko cha mtu aliyechomwa mwiba. Mizani alikuwa akisikia hayo anainuka kwenda kuifuta mizani, hata kama ni safi.

Basi, miaka sita ikapita hivyo, mpaka siku lilipokuja lori na sanduku kubwa, na ndani ya sanduku kukatoka ndege ya umeme.

Haikuwa na panga kubwa juu kama helikopta. Ilikuwa na yai la kioo chini, na juu yake pete pana yenye feni ndogondogo kumi na nane. Mlinzi wa geti alizihesabu mara mbili, akasema, "Hii wameitengeneza mahali penye joto sana." Wakaiita Mafeni. Helikopta, ambayo kabla ya hapo haikuwa na jina, kuanzia siku hiyo ikaitwa Bibi.

Mafeni alikuja na msichana mwenye miwani na kompyuta, wakamwita Injinia. Yeye na Mjomba walianza kutupiana maneno siku hiyohiyo.

"Mwanangu," Mjomba alisema akiizunguka ile ndege, mikono nyuma, "hii si ndege, hii ni duka la feni."

"Mzee, Bibi yako ana shingo moja. Ikivunjika, mazishi. Hii feni moja ikifa, zinabaki kumi na saba."

"Bibi injini ikizima, panga linaendelea kuzunguka kwa upepo, tunashuka polepole kama jani. Wewe zikizima zote?"

"Zote haziwezi kuzima siku moja."

"Hata sisi kwenye ukoo wetu tulidhani hivyo."

Injinia akacheka mpaka akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha Mjomba mota moja, ndogo kama sufuria, akamwambia humo ndani kuna kitu kimoja tu kinachozunguka. Mjomba, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anapaka grisi maungio zaidi ya mia, aliishika ile mota kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ambebe kidogo. Mizani alimwona. Macho yalikuwa ya mtu anayetaka kujifunza na anaogopa kuulizwa umri.

Ijumaa ikapangwa safari ya majaribio. Abiria watakuwa Bosi na Mama Mkwe, maana bila Mama Mkwe kuipenda, hakuna kununua ya pili. Asubuhi Bosi alimwita Mjomba mbele ya watu wote.

"Fundi, leo ndege hii ikipaa, na wewe umepaa. Nakupeleka kozi ya miezi mitatu. Isipopaa, nitajua nani haitaki."

Mjomba akasema ndiyo, Bosi. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Fundi wa umri huo akiachishwa kwa jina baya hapati hata baiskeli ya kutengeneza.

Nyuma ya stoo, wale watatu wa heshima wakakutana.

"Kwenye hii tutatoa nini?" Mjomba akanong'ona. "Betri ni donge moja, imefungwa sakafuni. Ijae isijae, uzito uleule. Nimemuuliza yule binti kijanja."

"Mimi nimejitahidi," Rubani akasema. Mashavu yalikuwa yamemwingia. "Tangu wiki jana nakula tango. Nilikuwa sabini na moja, sasa sitini na nane. Waambie watoto wangu nilijaribu."

Ndege ilibeba kilo mia mbili na ishirini za watu. Rubani sitini na nane, Mama Mkwe, kwa taarifa zake mwenyewe, sabini na moja, Bosi wa kikao themanini. Jumla mia mbili kumi na tisa. Hesabu ilikaa kama mguu ndani ya soksi. Isipokuwa Bosi wa mizani alikuwa mia moja kumi na nane.

Mizani alijua namba hiyo. Alikuwa nayo kooni kama mfupa wa samaki.

Mama Mkwe alifika saa tatu, mwanamke mfupi mwenye maduka saba na sauti ya maduka saba. Alipanda mizani bila kuambiwa, akapumua kwa nguvu, mtu wa kwanza Mizani kumwona akipumua pale juu.

"Sabini na moja!" akatangaza mwenyewe. "Nimezilea mwenyewe, sina haja ya kuzificha. Haya, ndege yenyewe iko wapi?"

Wakamwonyesha. Injinia akaiwasha. Feni zote kumi na nane zikazunguka, zikatoa sauti kama mtu anayemnyamazisha mtoto: shhh.

"Imeharibika," akasema Mama Mkwe.

"Hapana mama, ndiyo inavyolia."

"Hii hailii, hii inalalamika. Mimi nikifika mahali kwa helikopta, bati zinatetemeka, nguo zinaruka kwenye kamba, mtaa mzima unatoka kuuliza nani huyo. Na hii? Nitatua halafu nibishe hodi kama mdai? Ndege isiyotawanya kuku ni ndege gani?"

"Ni ya kisasa, mama," Bosi akasema kwa sauti ndogo. Mbele ya mama mkwe wake sauti yake ilipungua kuliko mafuta ya Bibi.

Akapimwa. Akatazama dari. Mizani akaandika themanini. Kisha, kwa mazoea ya miaka sita, miguu yake ikampeleka mpaka kwenye ndege mpya, mkono ukagonga kioo: mara moja, mbili, tatu, nne.

Mjomba akafumba macho.

"We binti," Mama Mkwe akauliza, "unabisha hodi kwa nani humo?"

Mizani akarudi kinyumenyume mpaka ukutani.

Wakapanda. Rubani mbele, Mama Mkwe na Bosi nyuma. Mlango ukafungwa. Ikatoka sauti ya mwanamke ndani ya dari, sauti laini, ya adabu, ya mtu asiye na haraka.

"Samahani. Uzito umezidi. Tafadhali punguza kilo thelathini na saba."

Katibu, aliyesimama nje na daftari, akaandika: Ndege imeomba samahani.

"Itakuwa pochi yangu," akasema Mama Mkwe, akaitupa nje. Ilianguka kama tofali.

"Samahani. Uzito umezidi. Tafadhali punguza kilo thelathini na nne."

Bosi akatoa viatu. Akatoa mkanda, simu mbili, saa, na shada la funguo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona likifungua kitu. Thelathini na mbili. Akavua koti. Thelathini na moja. Akavua tai. Ndege ikafikiri kidogo.

"Samahani," ikasema. "Thelathini na moja."

"Mwambie akae kimya huyo mwanamke!" Bosi akafoka.

"Hana mdomo, Bosi," Injinia akasema. "Ana vipima uzito miguuni."

"Basi tufanye kama kwenye helikopta. Bibi akizidiwa si tunapunguza mafuta?"

Mjomba akashtuka, lakini Bosi alikuwa anasema tu anavyoona wengine wakifanya kwa mizigo.

"Basi na hii punguza umeme."

Injinia akamtazama ajue kama anatania. Hakuwa anatania. "Bosi, umeme hauna kilo."

"Kila kitu kina kilo."

"Bili yake ni nzito," Katibu akachangia.

"Betri ikijaa na ikiisha ni uzito uleule. Si kama mafuta. Mafuta yakiungua yanaondoka, helikopta inarudi nyepesi kuliko ilivyokwenda. Betri haiondoki."

"Binti," Bosi akasema kwa upole wa mtu mwenye kampuni, "simu yangu ikijaa chaji naiona kabisa mfukoni kwamba imejaa. Toa umeme."

"Sawa. Lakini iandikwe kwamba nilikataa."

Katibu akaandika: Injinia amekataa na ameanza.

Ulitolewa waya mrefu kutoka tumboni mwa Mafeni hadi mlango wa ofisi, na kwa saa mbili na nusu kampuni nzima ilifanya kazi ya kuipunguza ndege uzito. Waliwasha taa zote mchana kweupe. Walichomeka birika la umeme, wakachemsha maji, wakamwaga, wakachemsha mengine. Katibu alinyoosha kwa pasi koti la Bosi, kisha tai ya Bosi, kisha bendera ya kampuni, kisha mapazia yakiwa bado yananing'inia. Mlinzi alipeleka habari mtaani kwamba leo umeme unatolewa bure, ni mzito, wausaidie kuubeba. Wakaja watu na simu zao, taa zao na redio. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaja na mashine yake, akaweka kiti chini ya pete ya feni, akanyoa vichwa kumi na kimoja, cha mwisho kikiwa cha Rubani.

"Hizi nywele nazo zihesabiwe," Rubani akasema kwa huzuni, akala tango.

Mama Mkwe aliletewa kiti. Alinywa chai tatu za maji yaliyotoka kwenye ndege, akasema hajawahi kuona chombo cha usafiri chenye chai nzuri namna ile.

Mizani hakufanya kitu. Alisimama kando ya mizani yake, akimtazama Mjomba, na Mjomba alikuwa anatazama saa.

Saa saba kasoro wakapanda tena. Bosi alikuwa soksi tupu. Mlango ukafungwa.

"Samahani. Uzito umezidi. Tafadhali punguza kilo thelathini na moja." Sauti ikatulia kidogo. "Na betri imebaki asilimia kumi na nne. Tafadhali chaji."

Bosi akashuka. Uso ulikuwa umebadilika, umekuwa uso wa mtu aliyetafuta mwizi nyumba nzima sasa anamtazama mgeni.

"Kuna mtu ameficha chuma ndani ya ndege hii," akasema. "Kilo thelathini na zaidi za chuma. Nani hapa ana vyuma?"

Watu wakamgeukia Mjomba, maana aliyekuwa na vyuma ni mmoja.

"Fundi. Jana jioni ulikuwa unaizunguka. Mlinzi alikuona."

"Nilikuwa naitazama, Bosi."

"Unaitazama kwa sababu ikipaa, Bibi anastaafu, na wewe pia."

Wakapekua. Wakafungua kila kifuniko, wakanyanyua zulia, wakamulika chini ya viti. Walipata kandambili moja ya Injinia. Bosi akasema basi chuma kimefichwa kwa ufundi, na hiyo yenyewe ndiyo alama ya fundi.

"Kama kuna kitu cha kusema, kiseme sasa," Bosi akasema. "La sivyo saa kumi unaondoka na barua yenye neno hujuma, na barua hiyo itafika kila karakana."

Mjomba alifungua mdomo, akaufunga. Mizani alijua kilichopita pale. Akisema ukweli, anamvua Bosi nguo mbele ya mama mkwe wake, na anakiri kwamba kwa miaka sita amemrusha mtu angani kwa mafuta pungufu. Akinyamaza, anapoteza kazi tu. Mjomba alichagua kupoteza kazi. Akavua ovaroli polepole, akaikunja kama anavyokunja mke wake mashuka, akaiweka sakafuni, na juu yake akazipanga spana kwa ukubwa, kuanzia ndogo.

Ile kuzipanga ndiyo iliyomchoma msichana. Mtu anafukuzwa, bado anapanga spana.

"Mama," Bosi alikuwa anamwambia Mama Mkwe, "usidhani ni mimi. Karatasi zipo. Wewe Mizani, leta faili."

Akaleta. Miaka sita ya karatasi.

"Msomee mama."

"Themanini," akasoma. Sauti ilitoka kama ya panya. "Themanini. Themanini. Themanini."

"Umesikia, mama? Kila safari. Sasa binti, inua kichwa. Mwambie mama kwa mdomo wako: mimi nina kilo ngapi?"

Mjomba, mikono mitupu, akatikisa kichwa kidogo sana: usiseme. Dobi hatangazi madoa.

Lakini dobi, akafikiri Mizani, akiona mwingine anafungwa kwa ajili ya doa lile?

"Panda, Bosi," akasema.

"Nimeshapanda asubuhi."

"Panda tena."

Hakuna aliyewahi kumsikia akitoa amri. Bosi, kwa mshangao tu, akapanda na soksi zake. Akabana tumbo. Akakaza shingo. Akatazama dari.

Mizani akaushika uso wa mizani kwa mikono miwili, akauzungusha. Ulikuwa umeshika kutu kwa miaka, ukalia kwiiii, mpaka ukawatazama watu wote.

"Pumua, Bosi," akasema. "Kupumua hakuongezi."

Bosi akapumua. Pumzi ya miaka mingi ilitoka, ikapeperusha karatasi za Katibu.

"Kilo mia moja kumi na tano," akasema Mizani, na safari hii sauti ilimfikia hata mlinzi wa geti. "Asubuhi, na viatu na funguo na koti, ni mia moja kumi na nane. Hakuna chuma. Mjomba hajaweka kitu."

"Mizani mbovu!" Bosi akasema.

"Mbovu? Shuka." Mama Mkwe akamsukuma kwa kiwiko, akapanda yeye. Mshale ukasimama sitini na nane, maana pochi alikuwa ameiacha. "Nzima hii," akasema. Kisha akaanza kucheka, polepole, mabega yakitikisika. "Baba wee, nilijua tangu siku ile ulipokaa kwenye kochi langu. Kochi lilikataa kuinuka. Nilikuuliza ili nijue binti yangu atampikia mtu wa kiasi gani!"

Katibu aliuliza kama hilo liandikwe. Kabla hajajibiwa, alikuwa ameshaandika.

Bosi alikaa kwenye ukingo wa mizani, na mshale ukaenda naye. "Na helikopta?" akauliza. "Helikopta mbona ilikuwa inanibeba?"

Hapo Mjomba akasema. Alisema yote, bomba, madumu na kugonga, akitazama vidole vya miguu yake.

"Kwa hiyo siku ya mpira..."

"Mafuta yaliisha, Bosi."

"Sikuwa mgeni rasmi?"

"Hapana, Bosi."

Bosi akavuta soksi moja juu. "Na kombe nililokabidhi?"

"Kombe lilikuwa la kweli," Rubani akasema haraka. "Na hotuba walipenda."

Ikaonekana kama Bosi atasimama na kuwafukuza wote watatu, na pengine angefanya hivyo. Mama Mkwe akamwahi.

"Mtu amekubeba miaka sita na hajasema mzigo ni mzito, halafu wewe unataka kumwandikia hujuma? Mpe nguo zake."

Bosi mwenyewe akainama, akaiokota ovaroli. Spana zikaanguka zote, zikavurugika, naye akapiga magoti na soksi zake akazipanga upya, vibaya. Mjomba alijizuia kumsahihisha.

"Kozi inaanza Jumatatu," Bosi akasema bila kuinua uso.

Ndege ikachajiwa kwa saa moja na nusu. Bosi akabaki chini, na kwenye kiti chake akakaa Injinia. Yule mwanamke wa darini hakuomba samahani tena. Mafeni ikapanda, shhh, ikapita juu ya mabati, wala nguo moja haikutikisika kwenye kamba. Nusu saa baadaye ilirudi, na Mama Mkwe akashuka macho yanang'aa.

"Nimetua nyuma ya duka la tatu," akasema. "Kimya! Nimewakuta wauzaji wote watatu wamelala juu ya kaunta. Wote! Na Bibi yenu anavyopiga kelele, miaka yote nafika nawakuta wanafagia." Akamgeukia mkwewe. "Nunua ya pili. Bibi abaki kwa safari za mbali, na kwa siku nikitaka kuonekana. Hii ni ya kufumania."

Jioni, jua likiwa bado lipo, Mizani na Mjomba walibaki wakikunja ule waya mrefu, yeye akishika mwisho huu na Mjomba akishika ule, wakisogeleana kidogo kidogo kila mkunjo. Rubani alipita na mkate mzima mkononi, anautafuna kama mtu aliyetoka kifungoni.

"Mzee wa Malita!" akapaza sauti. "Angalau leo imejulikana nani aliyetuangusha kwenye mpira."

Mjomba akacheka kile kicheko chake cha mwiba. Kisha akamtazama mpwa wake.

"Leo umesema maneno mengi kuliko mwaka mzima. Yameisha au yamebaki?"

Walikuwa wameshakaribiana, waya wote uko mikononi mwao, hapakuwa na mkunjo mwingine wa kujificha. Msichana alizuia pumzi. Halafu akakumbuka, akaiachia.

"Limebaki moja," akasema. "Siku ya mpira, Mjomba, mlango wa ofisi ulijibamiza, nikashtuka, nikapoteza hesabu. Ilikuwa nigonge mara tatu. Niligonga tano."